Wavutaji wa Gusii wana nia ya kuacha sigara. Wanachokosa ni wa kuwashika mkono

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, yaani Gusii, sigara huuzwa hadharani na kuvutwa mafichoni. Kwenye vibanda vya soko la Daraja Mbili hupangwa pamoja na pipi na viberiti. Mteja hununua moja, huiwasha papo hapo, kisha hujisogeza nyuma ya vibanda asije akaonwa na shemeji, na mwalimu wa Shule ya Sabato au na mzee wa kanisa. Akimaliza hunawa mikono, hutafuna pipi yenye harufu kali na kurudi kwa watu kana kwamba alikuwa ametoka kupokea simu. Wapo wanaoishi hivyo kwa miaka mingi: mke anajua, watoto wanashuku, kanisa halina habari.

Siri hiyo humgharimu mtu siku anapoamua kuacha. Aliyevuta kwa kujificha hulazimika kuacha kwa kujificha. Hawezi kumwambia mwenzake wa kwaya, “Jioni hii tukae pamoja, nimeshikwa na kiu ya sigara,” kwa sababu kabla ya kuomba msaada itambidi akiri kwamba amekuwa akivuta. Hawezi kumweleza mwajiri kwa nini amekuwa mkali wiki nzima. Hupambana peke yake na akishindwa hushindwa peke yake. Watu wakija kugundua kwamba anavuta, humpa ushauri ambao ameshajipa mwenyewe mara nyingi: aache.

Ushauri huo ni mwepesi kwa anayeutoa na haumfai kitu anayeupokea. Tatizo la mvutaji wa Gusii si uhaba wa nia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulionyesha kwamba Wakenya milioni 2.5, yaani asilimia 11.6 ya walio na umri wa miaka 15 na zaidi, walikuwa wakitumia tumbaku kwa kuivuta, kuinusa au kuitafuna. Kati ya wanaume ilikuwa asilimia 19.1, kati ya wanawake 4.5. Na wavutaji walipoulizwa kama wanafikiria kuacha, wengi wao walisema ndiyo. Sensa ya 2019 iliihesabu Kisii kuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Hata ikiwa maadili ya dini yameshusha kiwango cha uvutaji hapa chini ya kile cha taifa, bado wanaozungumziwa ni makumi ya maelfu ya watu, na wengi wao wangefurahi kuamka kesho bila kuihitaji sigara.

Kinachowazuia kinajulikana vizuri. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde kati ya 10 na 20 na kuchochea kemikali zinazoleta raha na utulivu. Baada ya takriban saa mbili, nusu ya nikotini iliyokuwa kwenye damu huwa imeondoka na ubongo huanza kuidai nyingine. Mvutaji husema sigara humtuliza, na hasemi uongo. Ila fadhaa inayotulizwa kwa kiasi kikubwa imeletwa na kuisha kwa sigara iliyotangulia. Akikatiza ghafla, mwili hugoma. Usingizi hukatika, hasira huwa karibu, mawazo hayatulii, njaa huongezeka na huzuni isiyo na sababu humjia mchana kweupe. Hali hiyo huwa mbaya zaidi katika juma la kwanza, kisha hupungua polepole kwa majuma mawili hadi manne.

Ndiyo maana kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni watatu hadi watano tu ambao huwa hawavuti tena baada ya miezi sita au mwaka. Takwimu hiyo inapaswa kusomwa kwa sauti katika kila mahubiri yanayomwita mvutaji dhaifu. Njia iliyosifiwa kuwa ya kishujaa, ile ya mtu kujifungia na kupambana na nafsi yake, ndiyo njia inayoshindwa kuliko zote.

Mfano mmoja haupo mbali na Nyanza. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya, aliingia Ikulu ya Marekani akiwa bado anahangaika na sigara. Juni 2009 alitia saini sheria kubwa ya kudhibiti tumbaku nchini mwake, na siku iliyofuata alipoulizwa na waandishi wa habari alikiri kwamba yeye mwenyewe bado huteleza mara moja moja. Alitumia chingamu ya nikotini. Alikuwa na daktari wake, mke asiyependa moshi nyumbani na watoto wawili wa kike aliotaka wamtazame bila aibu. Mwanzoni mwa 2011 mkewe alitangaza kwamba mumewe alikuwa amekaa karibu mwaka mzima bila kuvuta. Ikiwa mtu mwenye mamlaka kama hayo alihitaji dawa, familia na miaka kadhaa ya kuanguka na kuinuka, kwa nini mhudumu wa bodaboda wa Keroka atarajiwe kufanikiwa kwa aibu peke yake?

Kiu yenyewe inastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu wengi hushindwa kwa kutojua tabia yake. Humjia mtu kwa kishindo, humfanya aamini kwamba itaendelea kupanda hadi avute, kisha hupita. Mara nyingi hudumu dakika chache, tatu au tano, wakati mwingine kumi. Anayejua hilo hana haja ya kuapa kwamba hatavuta maisha yake yote; anahitaji kuvuka dakika hizo. Anywe maji polepole. Avute pumzi ndefu hadi tumboni na kuitoa bila haraka. Aondoke mahali alipo, ampigie mtu simu, ashike kazi ya mikono. Gusii haikosi vitu vya kuushughulisha mdomo: kipande cha muwa, njugu karanga, ndizi mbivu. Muwa hasa unafaa, kwa kuwa unachukua muda na unaishughulisha mikono iliyozoea kushika sigara.

Kiu pia ina saa na mahali pake. Kwa mhudumu wa bodaboda ni ule muda wa kukaa steji bila abiria, huku mwenzake akiwasha. Kwa kibarua wa majani chai wa Borabu au mlinzi wa usiku mjini Nyamira ni baridi ya alfajiri. Wengi husema huvuta ili kupasha mwili joto, na hapo wanadanganywa na mwili wao, maana nikotini hubana mishipa ya damu na vidole huzidi kuwa baridi. Uji wa wimbi wa moto na glavu za sufi humsaidia mlinzi huyo kuliko pakiti nzima ya sigara. Kwa mchongaji wa mawe wa Tabaka kiu huja wakati wa mapumziko, baada ya saa nyingi katika vumbi ambalo tayari limeyachosha mapafu. Na kwa wengi mno huja na glasi. Anayekunywa busaa au bia mahali ambapo kila mtu anavuta, katika majuma ya kwanza ya kuacha, anajitega mwenyewe. Afadhali akae mbali na meza hiyo mwezi mzima, marafiki wakasirike, kuliko kupoteza alichokwisha kupata.

Jambo moja linawahusu wakazi wa eneo hili zaidi ya wengine, kwa sababu hapa chai ni zao na pia ni kinywaji cha kila saa. Kemikali zilizomo kwenye moshi wa sigara huliharakisha ini kuondoa kafeini mwilini. Mtu akiacha kuvuta, kafeini hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa hiyo vikombe vile vile alivyokuwa akinywa huanza kumpa mapigo ya moyo ya haraka, mikono kutetemeka na usiku bila usingizi. Hudhani ni sigara anayoikosa, kumbe sehemu ya tatizo ni chai. Akipunguza vikombe kwa karibu nusu katika majuma ya kwanza, hasa vile vya jioni, sehemu ya mateso hayo huisha. Zaidi ya hayo, kikombe cha baada ya chakula ndicho ambacho wavutaji wengi hukisindikiza kwa sigara. Kubadilisha kikombe hicho kwa maji au kwa matembezi hadi kwa jirani si jambo dogo.

Hata hivyo, mbinu za kuvuka kiu peke yake haziwatoshi waliozama sana, hasa yule anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Huyo anahitaji dawa, na dawa zipo. Chingamu na vibandiko vya nikotini humpa mtu nikotini kidogo kidogo bila lami wala moshi wenye sumu, kisha kipimo hupunguzwa kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na kujaribu bila dawa, na kutumia kibandiko pamoja na chingamu kuna nguvu zaidi ya kutumia kimoja. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya vareniklini na bupropioni, ambavyo havina nikotini. Julai 2024 lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, likieleza kwamba asilimia 70 ya wanaotaka kuacha duniani hawafikiwi na huduma zinazofaa.

Chingamu hiyo ina namna yake ya kutumiwa, na anayeitafuna kama chingamu ya dukani huishia na kwikwi na kichefuchefu, kisha huitupa akisema haifanyi kazi. Hutafunwa polepole hadi ladha kali itokee, kisha huwekwa kati ya shavu na fizi ili nikotini ipenye hapo; ladha ikipotea hutafunwa tena kidogo. Mtu asinywe chai, kahawa, soda au juisi robo saa kabla ya kuitumia wala wakati iko mdomoni, kwa sababu vinywaji hivyo huizuia nikotini isipenye. Maelezo hayo huchukua dakika mbili kutolewa. Muuguzi wa zahanati anaweza kuyatoa, mradi awe na chingamu ya kumpa mgonjwa.

Hapo ndipo serikali inapopaswa kuulizwa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 haikuishia kwenye kupiga marufuku uvutaji mahali pa umma. Iliunda mfuko wa kudhibiti tumbaku, na miongoni mwa kazi za mfuko huo ni kugharimia mipango ya kuwasaidia watu kuacha. Kanuni za 2014 ziliwataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku kuchangia kila mwaka asilimia mbili ya thamani ya bidhaa zao. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo mahakamani, ikashindwa katika Mahakama Kuu, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake. Kisheria, basi, mjadala ulikwisha. Mvutaji wa Nyamache au wa Ekerenyo ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya fedha hizo imewahi kumfikia kwa sura ya kibandiko, chingamu au mshauri.

Na sheria hiyo hiyo ya 2007 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya sigara kumi, lakini katika vituo vya magari na masoko ya kaunti hizi mbili sigara moja moja ndiyo biashara ya kawaida. Hakuna kinachomwangusha anayeacha kama hicho. Angelazimika kununua pakiti nzima, kiu ya dakika tano ingepita akiwa bado anahesabu pesa. Sigara moja inayouzwa kwa sarafu iliyobaki mfukoni, kila baada ya hatua hamsini, haimpi nafasi ya kufikiri. Askari wa kaunti wanaowakimbiza akina mama wauza ndizi wangefanya kazi ya maana zaidi wakiisimamia sheria hii, tena kwa kuanza na wauzaji wa jumla, si na mjane mwenye kibanda.

Gusii haihitaji kuanza kutoka mwanzo kutafuta nani wa kuwasaidia wavutaji. Kanisa la Waadventista wa Sabato limekuwa Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, tangu 1912, mwaka mmoja baada ya Wakatoliki kufungua misheni ya Nyabururu. Waadventista huapa wakati wa ubatizo kwamba hawatatumia tumbaku, na pengine hakuna taasisi iliyowazuia vijana wengi zaidi wa eneo hili wasianze kuvuta. Hiyo ni heshima kubwa na inastahili kusemwa. Lakini kanisa hilo hilo lina historia nyingine isiyotajwa sana kwenye makambi. Karibu mwaka 1960, nchini Marekani, daktari Mwadventista J. Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg walianzisha mpango wa siku tano wa kuacha sigara. Daktari na mchungaji walisimama pamoja mbele ya wavutaji kwa jioni tano mfululizo. Mmoja alieleza mwili, mwingine alieleza moyo. Wahudhuriaji walihimizwa kunywa maji mengi, kula matunda, kutembea baada ya chakula badala ya kubaki mezani, kuepuka pombe na kahawa, na kila mmoja alipewa mwenzake wa kumpigia simu kiu ikizidi. Hakuna aliyeulizwa dini yake. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi na baadaye ukaboreshwa kwa jina jipya.

Kwa hiyo Waadventista wa Gusii wakiamua kuwaita wavutaji badala ya kuwahukumu, hawatakuwa wanaiga mtu. Watakuwa wanarudia kazi ya wazee wao. Makambi ya Agosti hukusanya maelfu ya watu, na somo la afya huwa na nafasi yake katika ratiba. Jioni tano za aina hiyo zingeweza kufanyika katika ukumbi wa shule, nje ya ua wa kanisa, ili Mkatoliki, Mpentekoste na asiyekanyaga kanisani waingie bila kusita. Sharti liwe moja: atakayejitokeza asiitwe mbele ya baraza la kanisa kwa sababu amejitokeza. Mshiriki akijua kwamba kukiri kutamfanya aondolewe kwenye kwaya au kunyimwa Meza ya Bwana, atabaki nyuma ya kibanda.

Wapo watakaosema kulegeza nidhamu ni kubariki dhambi. Hoja hiyo imewahi kusikika Nyanza kuhusu ugonjwa mwingine. Wakati Ukimwi ulipokuwa hautajwi, watu walikufa wakisemekana wamerogwa. Kilichobadilisha mambo, pamoja na dawa, ni vikundi vya waathiriwa waliokaa pamoja katika vituo vya afya, na akina mama walioishi na virusi wakawashauri wenzao wajawazito. Mtu alimsikia jirani yake akisema, “Mimi pia,” na hofu ikapungua. Makanisa mengi yaliyokuwa yakitenga wagonjwa hao baadaye yaliwafungulia milango, na hakuna aliyesema yamebariki uzinzi. Anayeacha sigara anahitaji kikundi cha namna hiyo hiyo: watu wachache walioacha mwaka jana, wanaojua juma la pili lilivyo chungu, na wanaoweza kupokea simu saa nne usiku.

Nguvu kazi ya serikali nayo ipo. Septemba 2023, serikali ya kitaifa na kaunti zilituma zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii nchini kote, wakiwa na mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Wanaingia nyumba kwa nyumba Bobasi na Borabu, Bomachoge na Mugirango Kaskazini. Wanaijua familia ambayo mzee anakohoa usiku. Kinachohitajika ni wafundishwe kuuliza maswali mawili bila kukunja uso, kama kuna anayevuta na kama angependa kuacha, kisha wajue pa kumpeleka. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira zikiwa na chumba kimoja kila moja, mshauri mmoja aliyefunzwa na akiba ya dawa, maswali hayo mawili yatakuwa na maana. Mtu hujitahidi zaidi akijua kwamba kuna atakayemuuliza tena juma lijalo.

Linganisha na kilichofanyika Migori, kaunti jirani. Huko wakulima walikuwa wakilima tumbaku kwa mikataba ya kampuni, wakizama kwenye madeni na kuugua kwa kushika majani mabichi. Kuanzia 2022 Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani waliwasaidia kuhamia kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma: mbegu, mafunzo na mnunuzi aliyehakikishwa. Hakuna aliyemwambia mkulima wa Migori kwamba akiwa na imani ya kutosha ataacha tumbaku kwa nguvu zake. Ilieleweka kwamba anategemea zao hilo na kwamba utegemezi huvunjwa kwa kumpa mtu kitu kingine cha kushika. Mvutaji, ambaye utegemezi wake umo ndani ya ubongo, ameachiwa bango la kumtisha kwenye pakiti.

Familia ina sehemu yake pia, na si ya kunusa mashati. Mke au mume anayejua kwamba hasira za juma la kwanza zinatokana na dawa iliyokatizwa hatazijibu kwa hasira. Watoto wanaweza kuhesabu siku kwenye kalenda ukutani. Fedha zinazobaki zionekane: anayevuta sigara kumi kwa siku, tuseme kwa shilingi 15 kila moja, hutumia shilingi 54,750 kwa mwaka. Kiasi hicho kikiingizwa kwenye chama kila juma, familia itaona faida mapema kabla hata ya mapafu. Na siku baba akiteleza akavuta moja kwenye matanga, asipokelewe na kelele. Sigara moja haifuti mwezi mzima wa kujizuia. Kinachofuta ni kukata tamaa kunakomfanya anunue ya pili.

Vijana nao wasidanganywe na vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, vyenye ladha ya mnanaa na matunda, ambavyo huuzwa kama kitu cha kisasa. Mwaka 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, aliagiza vifuko vya aina ya Lyft vifutiwe usajili, kwa sababu vilikuwa vimesajiliwa nchini kinyume cha sheria kama dawa. Vimerudi sokoni kwa jina jingine. Chingamu inayotolewa na muuguzi ina kipimo na ina siku ya mwisho. Biashara inayotaka mteja wa kudumu haina siku ya mwisho.

Kwa wazee wanaodhani wamechelewa, kuna utafiti wa Richard Doll wa Uingereza, ambaye pamoja na wenzake aliwafuatilia madaktari wa nchi hiyo kuanzia 1951 kwa miaka 50. Wavutaji wa maisha waliishi kwa wastani miaka kumi pungufu. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa takriban mitatu, walioacha wakiwa na 50 walirudishiwa sita, na 40 wakarudishiwa tisa. Hatari ya ugonjwa wa moyo inayotokana na sigara hupungua kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Katika eneo ambalo kifua kikuu bado kipo, na ambalo wagonjwa wa saratani ya koo la chakula huvuka mpaka wa Borabu kwenda kutibiwa Tenwek, Bomet, miaka hiyo si ya kuchezea: tumbaku huongeza hatari ya magonjwa yote mawili.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla yake kuna vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Wakazi wa Kisii na Nyamira waende kwenye vikao hivyo waombe kifungu cha bajeti chenye jina lake: dawa za kuacha tumbaku na washauri katika hospitali mbili za rufaa, na mafunzo kwa wahudumu wa afya ya jamii. Wabunge wao Nairobi waulize fedha za mfuko wa tumbaku zinagawanywaje. Wachungaji na mapadre watangaze mwaka huu kwamba anayetaka kuacha anakaribishwa na hataadhibiwa. Na anayetaka kuanza leo, kabla ya hayo yote kutimia, achague mtu mmoja anayemwamini amweleze ukweli, kisha apige 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Simu hiyo haitozwi pesa, na hupokelewa mchana na usiku.